Nani Alihesabu Hizi Sifuri Zote?

Ile video mnaijua. Mtu amelala kwenye nyasi, kamera iko juu yake, halafu inaanza kupaa. Uwanja unakuwa mtaa, mtaa unakuwa mji, nchi inakuwa rangi tu, dunia inakuwa mpira, jua linakuwa nukta, na muziki unazidi kutisha mpaka galaksi zinabaki kama vumbi kwenye kioo cha simu. Kisha inarudi mbio, inatoboa ngozi ya mkono wa yule mtu, inaingia kwenye seli, kwenye atomi, mpaka giza. Chini kwenye komenti kila mtu anaandika kitu kimoja: sisi ni wadogo sana.

Babu wa hizo video zote ni filamu ya dakika 9 inayoitwa Powers of Ten, iliyotengenezwa na Charles na Ray Eames, mtu na mkewe, kule Marekani mwaka 1977. Inaanza na watu wawili wakiwa pikiniki Chicago, na kila sekunde 10 unaona eneo pana mara 10 kuliko la mwanzo. Wao nao walitoa wazo kwa mwalimu wa shule wa Uholanzi, Kees Boeke, aliyechapisha kitabu cha michoro mwaka 1957. Mchoro wake wa kwanza ni msichana ameketi na paka mapajani. Kazi safi zote mbili, sina maneno.

Shida yangu ni vile kamera inateleza. Ukiangalia unadhani kuna msee alipanda chombo akaenda kurekodi. Hakuna. Binadamu hajawahi kwenda mbali kuliko pande za Mwezi. Voyager 1, kilichorushwa mwaka uo huo wa 1977, ndicho chombo chetu kilichofika mbali zaidi, na hakijamaliza hata asilimia moja ya umbali wa kwenda nyota iliyo jirani na jua letu. Upande wa chini nako, hakuna jicho limewahi kuona protoni. Kwa hivyo kila sifuri inayoongezeka pembeni mwa hiyo video, kuna mtu aliitolea jasho. Na hao watu ndio nimekuwa nikiwasoma mwaka huu wote, usiku, bando za usiku zikiwa bei rahisi.

Nieleze kwa nini. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Tangu siku hiyo watu wananitumia zile posti za kutia moyo: Bill Gates pia aliacha, usijali. Bill Gates aliacha Harvard akiwa na baba wakili. Mimi niliacha nikiwa na balansi. Hizo ni stori mbili tofauti kabisa, na nimechoka kuzisikia zikichanganywa. Lakini nikifuatilia nani alipima ulimwengu, nilianza kukutana na watu wasio na karatasi. Muuza vitambaa. Karani wa duka. Dada wa kuosha vyombo. Mfagiaji. Halafu nikaona kitu ambacho posti za kutia moyo huwa hazisemi: nyuma ya kila mmoja wao kuna mtu wa pili, mwenye cheo, aliyefungua mlango. Huyo wa pili ndiye tunayemsahau, na kwangu ndiye stori yenyewe.

Tutahesabu hivi. Anza na mita moja, kama urefu wa mtoto wa nasari. Ukigawanya kwa 10 umeshuka sifuri moja, ukizidisha kwa 10 umepanda sifuri moja. Basi.

Shuka sifuri 3 na uko kwenye milimita, punje ya mchanga. Hapo macho yanaanza kulalamika. Kwa maelfu ya miaka watu wengi waliamini kwamba chini ya hapo hakuna kitu cha maana, na ukifikiria, kwa nini waamini vingine? Mtu wa kwanza kushuka hadi sifuri 6 na kurudi na habari alikuwa Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi, aliyezaliwa mwaka 1632. Kazi yake ilikuwa kuuza vitambaa. Chuo hakuenda, Kilatini hakujua, na wakati huo bila Kilatini wewe kwenye sayansi ni kama mtu anayetafuta kazi ya ofisi Nairobi bila Kiingereza. Wauza vitambaa walitumia lenzi kuhesabu nyuzi. Yeye alianza kujitengenezea za kwake, ndogo kuliko punje ya harage, moja baada ya nyingine, mpaka akawa na mamia. Lenzi yake bora iliyobaki hadi leo inakuza vitu karibu mara 270.

Mwaka 1674 alichukua maji ya ziwa moja karibu na Delft akayaangalia, na ndani akaona vitu vinaogelea. Mwaka 1676 aliandika barua ndefu kwenda Royal Society ya London kueleza viumbe vidogo kiasi kwamba ilibidi avilinganishe na punje ya mchanga kwa hesabu ya kuzidisha, kwa sababu rula haikuwepo. London hawakumwamini. Muuza vitambaa anasema tone la maji limejaa wanyama? Alikusanya mashahidi, wachungaji wa kanisa na wakili miongoni mwao, wakaandika kwamba wameona kwa macho yao. Mwaka 1677 Robert Hooke alirudia jaribio mbele ya wanachama, na vile vitu vikaonekana.

Sasa angalia mlango. Barua ya kwanza ya Leeuwenhoek ilifika London mwaka 1673 kwa sababu daktari wa Delft, Reinier de Graaf, aliandika kumtambulisha. Halafu katibu wa Royal Society, Henry Oldenburg, alikaa chini kutafsiri Kiholanzi cha muuza vitambaa. Bila hao wawili, bakteria wangebaki siri ya duka moja. Na tusimfanye Leeuwenhoek malaika, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa kumfunza mtu jinsi ya kutengeneza lenzi zake bora. Alikufa mwaka 1723 na ujuzi wake. Alifunguliwa mlango akaufunga nyuma yake. Hiyo tabia tunaijua hata huku kwetu.

Kutoka sifuri 6 kwenda 9, ambako molekuli zinaishi, lenzi haisaidii tena. Hapa ndipo napenda zaidi, kwa sababu kifaa kilichotumika ni mafuta ya jikoni.

Benjamin Franklin, yule wa kwenye noti ya dola 100, alitolewa shule akiwa na miaka 10 akaenda kufanya kazi. Akiwa London alimwaga mafuta kwenye kidimbwi cha Clapham, kijiko cha chai tu, na akaona yanatambaa mpaka kama nusu eka ya maji ikatulia ikawa kama kioo. Aliandika hayo mwaka 1774 akaendelea na mambo mengine. Hakugawanya. Wewe gawanya sasa hivi kwa simu. Kijiko cha chai cha leo ni mililita 5. Nusu eka ni karibu mita za mraba 2,000, yaani kama ploti nne za hamsini kwa mia. Jibu ni unene wa milimita 0.0000025. Mafuta hayawezi kutandazwa membamba kuliko molekuli moja, kwa hivyo Franklin alikuwa amesimama kando ya kidimbwi akitazama saizi ya molekuli, na hakuuliza swali. Zaidi ya miaka 100 ikapita.

Aliyeuliza alikuwa Agnes Pockels. Alizaliwa mwaka 1862 na alikulia Braunschweig, Ujerumani. Alipenda fizikia, lakini wanawake hawakuruhusiwa kujiunga na chuo kikuu, na baadaye wazazi wake walikuwa wagonjwa, kwa hivyo akabaki nyumbani kupika, kuosha na kuuguza. Mdogo wake Fritz ndiye alienda Göttingen kusoma fizikia, akawa anamtumia vitabu. Akiwa na miaka kama 18, Agnes alianza kupima kitu ambacho kila mtu aliyewahi kuosha vyombo amekiona: vile mafuta yanabadilisha uso wa maji.

Alitengeneza karai refu la bati, akalijaza maji mpaka ukingoni, akalaza ukanda wa bati juu yake wa kusukuma mafuta upande mmoja. Kisha akaning'iniza kidude kidogo kama kifungo kwenye mizani, akapima nguvu inayotakiwa kukibandua kutoka kwenye maji. Alichogundua ni hiki. Ukisukuma ukanda, kwa muda mrefu hakuna kinachobadilika. Halafu ukifika sehemu fulani, ghafla uso wa maji unalegea. Fikiria matatu ya watu 14. Kumi wakiwa ndani kila mtu ana nafasi, hata wa kumi na nne akiingia hakuna kelele. Konda akiingiza wa kumi na tano, kila bega linasikia. Ile sehemu ya ghafla ya Pockels ndipo molekuli zimegusana mabega, safu moja, bila nafasi.

Alifanya hivi kwa miaka kama kumi na hakuna mtu alijua. Mwaka 1891 alisikia kwamba Lord Rayleigh, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa Uingereza, anasumbuka na maswali hayo hayo. Akamwandikia barua kwa Kijerumani. Mke wa Rayleigh akaitafsiri. Rayleigh angeweza kufanya kile wakubwa wengi hufanya: kusoma, kunyamaza, na mwaka unaofuata kutoa makala yenye jina lake. Badala yake aliituma kwa jarida la Nature pamoja na ombi kwamba ichapishwe, na ikatoka mwezi Machi 1891 kwa jina la Agnes Pockels, mwanamke asiye na cheo chochote. Mwaka 1899 Rayleigh mwenyewe, akijenga juu ya vipimo vya aina hiyo, alitoa hesabu kwamba ile safu ni molekuli moja na unene wake ni karibu sehemu moja kati ya milioni moja ya milimita. Sifuri 9, zimepatikana kutoka kwa karai.

Mmarekani Irving Langmuir baadaye aliboresha lile karai na mwaka 1932 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ya mambo ya uso wa vitu. Mwaka huo huo chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa Pockels udaktari wa heshima. Alikuwa na miaka 70. Mtanisamehe, lakini mimi hapo sioni cha kushangilia sana.

Kutoka sifuri 9 kushuka hadi 15 nitapita haraka, na kwa heshima, kwa sababu hiyo ni kazi ya waliosoma. Ernest Rutherford, mtoto wa mkulima kutoka New Zealand, aliyefika Uingereza kwa skolashipu, aliwapa Hans Geiger na mwanafunzi wa miaka 20, Ernest Marsden, kazi ya kurusha chembe kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu mwaka 1909. Chache zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alieleza kwa nini: karibu uzito wote wa atomi umejikunja kwenye kiini kidogo ajabu. Kama atomi ya haidrojeni ingekuwa uwanja wa Kasarani, kiini chake ni punje ya ndengu katikati ya uwanja. Leo ukitaka kushuka zaidi unahitaji mashine ya CERN yenye mzunguko wa kilomita 27 chini ya ardhi. Huwezi kujenga hiyo kejani. Anayekuambia shule haina maana kwa sababu Leeuwenhoek hakusoma, muulize atafika wapi chini ya sifuri 9.

Sasa tupande.

Dunia ni sifuri 7, umbali wa kwenda jua ni sifuri 11. Hizo zilishapimwa vizuri kufikia miaka ya 1700. Nyota ndizo zilikuwa ukuta. Njia ilijulikana. Inua kidole gumba, funga jicho la kushoto, halafu la kulia, na kidole kinaruka. Ukijua umbali kati ya macho yako na ukapima kimeruka kiasi gani, unapata umbali wa kidole. Dunia ikizunguka jua, Januari iko upande huu na Julai iko upande ule, kilomita karibu milioni 300 kati yake. Hayo ndiyo macho mawili. Kwa hivyo nyota iliyo karibu lazima iruke kidogo mbele ya zile za mbali. Ila kila mtu aliyejaribu hakuona mruko wowote anaoweza kuuamini.

Friedrich Bessel alizaliwa mwaka 1784 Minden, Ujerumani. Shule aliacha akiwa na miaka 14. Mwaka 1799 alipelekwa Bremen kuwa mwanagenzi kwenye kampuni ya wafanyabiashara, mkataba wa miaka 7 bila mshahara. Kampuni ilituma bidhaa ng'ambo, na yeye akataka kusafiri na meli, kwa hivyo usiku alijifunza ubaharia. Ubaharia ukamwingiza kwenye nyota, nyota zikamwingiza kwenye hesabu. Mwaka 1804, akiwa na miaka 20, alichukua vipimo vya kimondo cha Halley vya mwaka 1607 akakokotoa njia yake upya, akampelekea Wilhelm Olbers, daktari wa Bremen aliyekuwa pia mtaalamu wa nyota. Olbers alisoma, akaona kazi ya bwana mkubwa, akahakikisha imechapishwa na kijana amepata kazi ya kutazama nyota. Mwaka 1810 Bessel, karani wa juzi, akawa mkurugenzi wa kituo kipya cha nyota Königsberg. Shida ikaja: huwezi kuwa profesa bila digrii. Carl Friedrich Gauss akaongea na Göttingen, wakampa udaktari. Karatasi ilifuata kazi, si kazi kufuata karatasi. Nilisoma hiyo sentensi nikasimama nikatembea kidogo nyumbani.

Chombo alichotumia kilitoka karakana ya Joseph Fraunhofer, yatima aliyekuwa mwanagenzi wa vioo Munich, nyumba ya bosi wake ikamwangukia mwaka 1801 akafukuliwa akiwa hai. Hawa watu, jamani.

Bessel alichagua nyota hafifu inayoitwa 61 Cygni, kwenye kundi la nyota la Cygnus, yaani bata maji, kwa sababu ilikuwa ikisogea haraka angani, dalili kwamba iko karibu. Aliipima usiku baada ya usiku kwa zaidi ya mwaka. Mwaka 1838 akatangaza mruko: sekunde 0.31. Hapo ni sekunde ya pembe. Duara ni digrii 360 (digrii ya duara, si ile ya chuo), digrii moja ni dakika 60, dakika moja ni sekunde 60. Sekunde 0.31 ni kama kutazama sarafu yenye upana wa sentimita 2.5 kutoka kilomita 16 hivi, kama umesimama katikati ya Nairobi na sarafu iko JKIA. Hesabu yake ilitoa miaka ya nuru 10.3, yaani nuru inayozunguka dunia mara saba na zaidi kwa sekunde moja inahitaji miaka 10 kufika huku. Leo tunajua ni 11.4. Sifuri 17. Kwa mara ya kwanza kabisa mtu alijua nyota iko wapi.

Mruko huo ukienda mbali zaidi unakuwa mdogo kuliko chombo chochote cha wakati ule kingeweza kuona. Ilihitajika rula nyingine, na ilitoka kwa Henrietta Leavitt. Yeye alisoma, mwaka 1892 akapewa cheti kwamba masomo yake ni sawa na ya mwanaume mwenye digrii ya Harvard, lakini digrii yenyewe ya Harvard haikuwa ya wanawake. Kwenye kituo cha nyota cha Harvard alilipwa senti 30 za dola kwa saa kukagua picha za vioo zilizopigwa Peru. Usikivu wake ulikuwa ukipotea. Kazi yake ilikuwa nyota zinazong'aa na kufifia.

Ukiona taa moja usiku kwenye barabara isiyo na stima, huwezi kujua kama ni boda yenye taa ndogo iko karibu au lori lenye taa kubwa liko mbali. Hilo ndilo tatizo lote la nyota. Leavitt alichukua nyota 25 ndani ya Wingu Dogo la Magellan, zote ziko karibu umbali sawa kutoka kwetu, kwa hivyo inayoonekana kali ni kali kweli. Mwaka 1912 akaonyesha kwamba zinazochukua siku nyingi kung'aa na kufifia ndizo zenye mwanga mkubwa, kwa mpangilio kamili. Basi hesabu siku, utajua ukubwa wa taa, na ukijua ukubwa wa taa utajua umbali. Tangazo lilitoka likiwa na sahihi ya mkurugenzi, Edward Pickering. Mwaka 1925 mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, aliandika barua akitaka kumpendekeza kwa Nobel. Alikuwa amekufa tarehe 12 Desemba 1921. Kumbuka hiyo tarehe.

Edwin Hubble alitumia rula ya Leavitt mwaka 1923 kwenye Andromeda, na ikawa kwamba kile kiwingu ni galaksi nzima nje ya yetu. Sifuri 22. Huyo mnamjua, ana darubini yenye jina lake, hahitaji maneno yangu. Nataka Milton Humason.

Humason aliacha shule akiwa na miaka 14 kwa sababu alipenda mlima. Mlima Wilson, California, ambapo kituo cha nyota kilikuwa kikijengwa. Aliendesha nyumbu wakipandisha vifaa na mbao. Alioa binti wa injinia wa kituo. Mwaka 1917 aliajiriwa kufagia, akawa anasaidia usiku, akajifunza darubini, na ikaonekana kwamba huyu mfagiaji ana mkono mtulivu kuliko wenye shahada. Mwaka 1919 mkurugenzi George Ellery Hale akamwingiza kwenye kundi la wataalamu, mtu asiyemaliza hata sekondari. Ndiye aliyekaa kwenye baridi akishikilia darubini kwenye galaksi moja kwa zaidi ya saa 30, usiku kadhaa ukiunganishwa, ili nuru yake itawanywe rangi rangi na kasi yake ijulikane. Mwaka 1929 alichapisha kwamba galaksi ya NGC 7619 inatukimbia kwa kilomita 3,779 kwa sekunde. Makala yake iko kwenye jarida lile lile, ukurasa mmoja kabla ya makala maarufu ya Hubble ya mwaka huo. Ulimwengu unatanuka, na ushahidi mzito ulishikwa na mtu aliyeanza na nyumbu. Leo sehemu tunayoweza kuona ina upana wa karibu miaka ya nuru bilioni 93. Sifuri 26.

Nilisema mkumbuke tarehe. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco baharini upande wa Malindi, roketi ilipaa na satelaiti ya kwanza kabisa ya kutafuta eksirei angani. Ilirushwa kwetu kwa sababu ya ikweta: njia hiyo inakwepa eneo la mionzi ambalo lingesumbua vifaa vyake. Meneja wake NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na kwa heshima ya Kenya aliiita Uhuru. Ndiyo hiyo Uhuru iliyoonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 kinapepesa haraka kupita kiasi, na uchunguzi uliofuata ukakifanya kuwa mgombea wa kwanza wa kuaminika wa shimo jeusi. Kiko upande ule ule wa anga wa bata maji wa Bessel, ila miaka ya nuru kama 7,000. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002.

Bahari ni yetu, jina ni letu, data ilisomwa Marekani. Nimetafuta kwenye vitabu vyetu vya shule ya msingi na ya upili nilivyotumia mimi, hakuna mstari. Watoto wanavuka Malindi kwenda ufuoni na hakuna amewahi kuwaambia kwamba hapo ndipo ngazi iliongezwa kipande. Kina Olbers wetu wako wapi? Si swali la kejeli, nauliza. Kuna kijana Kilifi au Kayole saa hii ana daftari limejaa hesabu, na sijui akiandika barua atamwandikia nani na ikajibiwa.

Orodha ya nne na ya mwisho ya vitu vilivyoonwa na Uhuru ilitoka mwaka 1978 na ina vitu 339. Kila kimoja kimepewa namba inayoanza na 4U. Cygnus X-1 ni 4U 1956+35. Wanasayansi wa Japani, Chile na Ujerumani bado wanaandika hivyo kwenye makala zao leo, na hiyo U ni Uhuru. Orodha iko wazi mtandaoni, bure, na haili bando nyingi. Ukiifungua, niandikie umeona nini.